Kadi ya Pili

Jioni moja ya Februari 2018 kaka yangu alinipigia simu kutoka Muleba. Kabla hatujamaliza kujuliana hali akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Hebu niambie, kadi ya pili ni kitu gani?"

Nilidhani anasema habari za kadi ya bima ya afya, au ya mpiga kura. Kumbe sivyo. Kijana wake, aliyekuwa na miaka 22 wakati huo, alikuwa ameegesha chumba cha bati ubavuni mwa nyumba yao na kukifanya banda la michezo ya video: mabenchi mawili, runinga mbili za mgongo na mashine mbili kuukuu za PlayStation. Wateja walilipa kwa mechi. Mwaka uliotangulia alijikusanyia fedha akanunua kompyuta ya kuchezea, kipande baada ya kipande, vingine kutoka Kariakoo na vingine kutoka Kampala kupitia Mutukula, na ndani yake akatia kadi ya michoro iliyokwisha kutumika, GeForce GTX 970. Sasa alitaka nyingine kama ileile, ziungwe pamoja zifanye kazi moja. Fedha hakuwa nayo. Baba yake naye hakuwa nayo, ila alikuwa na kahawa mtini.

"Kuna bwana mmoja amepita hapa," kaka akasema. "Yuko tayari kunilipa kesho."

Wasomaji wa Kagera wameshaelewa. Kwa walio mbali, niseme tu kwamba biashara hiyo huitwa butura. Mnunuzi huja miezi ya njaa, kahawa ikiwa bado ua au punje za kijani, akakupa fedha taslimu, nawe ukaahidi kumpa mavuno. Bei hupangwa na mwenye haraka ndogo kati yenu, na huyo hajapata kuwa mkulima. Viongozi wameipigia kelele butura tangu tukiwa watoto, nayo bado inatembea kwa miguu yake. Marehemu baba yetu iliwahi kumnyang'anya mavuno ya misimu miwili mfululizo, na kaka aliapa mbele yangu kwamba kibanja chake hakitaijua.

Lakini kijana alikuwa amemshawishi. Halafu kulikuwa na binti. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka wiki chache kabla, naye alifaulu vizuri. Julai angetakiwa kuripoti kidato cha tano, na sanduku, godoro, sare, nauli na ada vyote vilikuwa vikiitazama kahawa hiyohiyo. Mimi sikuwa na cha kumpa. Nyumba yangu ya Hamugembe, hapa Bukoba, ilipasuka kuta katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, na hadi wakati ule nilikuwa bado naufuata ufa mmoja baada ya mwingine kwa saruji ya mkopo.

"Nimemwuliza faida ya hiyo kadi ya pili," kaka akaendelea, "naye kanijibu kwa methali. Kasema, baba, kidole kimoja hakivunji chawa."

Niliona haya. Methali hiyo nilimfundisha mimi, likizo moja alipokuwa darasa la tano, pamoja na nyingine nyingi, na nilimpa peremende kwa kila aliyoikariri. Ningeweza kumwambia kaka amjibu kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tungeshinda tukirushiana methali hadi mnunuzi aje na mizani yake ya kupimia magunia. Methali huthibitisha lolote unalotaka, na ndiyo sababu zipo mbili mbili kwa kila jambo. Kaka alihitaji kitu kingine. Yeye ndiye mwenye kahawa, yeye ndiye atakayeamua, na katika lugha mbili anazozijua hakukuwa na maneno ya kuamulia. Kijana alikuwa na maneno, lakini yote ya Kiingereza.

Nilimwomba anipe hadi Jumapili.

Usiku ule niliketi na karatasi. Wanajamvi mnaofuatilia ukurasa huu mnajua jinsi tunavyopenda kubishana juu ya istilahi, nami sikuwa mgeni wa mabishano hayo. Lakini ni jambo moja kutunga istilahi kwa ajili ya kamusi, na jingine kuitunga kwa ajili ya mtu mmoja atakayeitumia kesho kuamua kama auze mavuno yake. Nilianza na "kadi ya michoro", nikaifuta. Kaka akisikia michoro huona ramani ya nyumba. Mafundi wa mjini husema "grafiksi" na kuishia hapo. Nikaandika "kadi ya picha", nikaeleza hivi: kioo cha kompyuta kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta lazima iambiwe ni ya rangi gani, na mchezo ukienda vizuri huambiwa upya mara 60 kwa sekunde moja. Kadi hii ndiyo inayopiga hesabu hizo. Ikichelewa, mchezaji anaona picha inakokota miguu.

Hapo sikuwa na tatizo. Tatizo lilikuja nilipofika kwenye kadi mbili, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua zinagawanaje kazi.

Nilisoma kwa siku tatu. Wa kwanza kulifanya jambo hili lipendwe na wachezaji walikuwa kampuni ya 3dfx, mwaka 1998, kwa kadi yao iliyoitwa Voodoo2. Waliunganisha kadi mbili, moja ikachora mistari ya witiri ya picha na nyingine mistari ya shufwa. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikacheka peke yangu. Ni kama washairi wawili wanaotunga ubeti mmoja, huyu mshororo wa kwanza na wa tatu, yule wa pili na wa nne! Baadaye 3dfx ilianguka, mali zake zikanunuliwa na NVIDIA, nao mwaka 2004 wakaurudisha mtindo wa kadi mbili kwa jina lilelile la SLI, ingawa herufi hizo sasa zilisimamia maneno mengine. Mwaka uliofuata washindani wao, ATI, wakatoa wao, CrossFire. Lakini mgawo wa kazi ulikuwa umebadilika. Njia iliyoenea sasa ni kupokezana picha nzima: kadi ya kwanza inachora picha ya kwanza, ya pili inachora ya pili, ya kwanza ya tatu, na kuendelea. Si ubeti mmoja tena, bali beti kwa zamu.

Nikamwona kaka machoni pangu. Ujana wake alikuwa akituma mashairi kwenye gazeti la Uhuru, na nakala zilizochapishwa bado amezihifadhi katika bahasha ya kaki. Darasa la saba ndilo alilofikia, lakini mshororo wenye mizani 15 badala ya 16 humkera kama kokoto katika wali. Nikajua nimepata lugha.

Ijumaa kijana alikuja Bukoba, kompyuta imefungwa kwa blanketi, ameipakata magotini njia nzima kutoka Muleba kupitia Muhutwe na Kemondo. Fundi mmoja jirani na soko ndiye aliyekuwa akiiuza hiyo 970 ya pili, naye kwa uungwana wake alikubali tuijaribu kwanza. Kijana alinipa shikamoo ya heshima, lakini macho yake yalikuwa yakiuliza nimefuata nini.

Kabla ya lolote fundi aliufungua ugavi wa umeme wa mashine, akatikisa kichwa, akauweka pembeni na kuazima mkubwa zaidi kutoka rafu yake. Kila 970 hutumia hadi wati 145. Ule uliokuwamo ulitosha kadi moja. Kwa mbili ungekuwa ukihema. Nikaandika: *kadi ya pili inakuja na gharama ya ugavi mpya*. Hilo kijana hakuwa amemwambia baba yake, na sidhani alikuwa amemficha. Nadhani hakutaka kulihesabu.

Zikaungwa. Mchezo wa kwanza tuliojaribu ulikuwa Grand Theft Auto V, na nitasema haki: kadi mbili zilinifunga mdomo. Namba ya kuhesabu picha, pembeni mwa kioo, ilipanda kwa zaidi ya nusu. Magari yalipita mitaani kama maji. Kijana hakusema neno, alinitazama tu, nami nikajisikia mjinga niliyekuja kumkatisha mtu tamaa kwa jambo nisilolijua.

Mchezo wa pili ulikuwa mpya zaidi. Namba haikusogea hata kidogo. Fundi alitugusa mabega akatuonyesha ndani ya kasha: feni ya kadi ya kwanza ilikuwa ikivuma, ya pili inajizungukia polepole kama mtu anayesubiri zamu kwenye kinyozi. Akatueleza kwamba kadi hazishirikiani kwa hiari yao. Lazima kampuni iandike maelekezo maalumu ya kila mchezo, na waliotunga mchezo nao wawe wamekubali. Mchezo usio na maelekezo hutumia kadi moja, ya pili imekaa.

Nikauliza kwa nini watunzi wakatae. Jibu lake lilinikaa zaidi ya yote niliyosoma. Michezo ya siku hizi, alisema, huazima habari kutoka picha iliyotangulia ili kuchora inayofuata. Hulainisha kingo na vivuli kwa kukumbuka kilichokuwapo sekunde chembe iliyopita. Ikiwa picha iliyotangulia imo katika kadi nyingine, kadi hii lazima ingoje iletewe.

Basi hiyo ni pindu, nikasema moyoni. Wapenzi wa bahari zetu mnaijua pindu, wengine huiita mkufu: kipande cha mwisho cha ubeti mmoja ndicho kinachofungua ubeti unaofuata. Washairi wawili wanaweza kugawana shairi la kawaida, huyu beti za witiri na yule za shufwa, wakaandika wakati mmoja katika vyumba viwili na kumaliza kwa nusu ya muda. Wape pindu. Wa pili hawezi kuanza hadi wa kwanza afike neno lake la mwisho. Una washairi wawili, wote umewalisha, na kila wakati mmoja wao ameshika kalamu hewani.

Mchezo wa tatu ndio ulionipa nilichokuwa nakitafuta bila kujua. Namba ilisema picha 60 kwa sekunde, imara kabisa. Lakini nilipotazama barabara ya mle mchezoni ikipita, jicho langu lilikataa. Kulikuwa na mtikisiko, si mkubwa, kama msomaji anayejua maneno yote lakini pumzi haimkai. Kijana aliuona pia, nilimwona akikaza macho, ila akasema ni kioo cha fundi.

Haikuwa kioo. Picha 60 kwa sekunde maana yake kila picha hukaa milisekunde kama 16.7, ukichukua wastani. Kadi mbili zikipokezana bila kupangana vema, picha moja hutokea baada ya milisekunde 8 na inayofuata baada ya 25. Jumlisha, gawa kwa mbili: 16.5. Hesabu ni safi. Jicho halijui wastani. Jicho linaihesabu ile 25, na kwalo mchezo unakwenda kama picha 40 hivi, huku namba pembeni ikisema 60. Kwa muda mrefu wapimaji wa kadi huko ng'ambo walichapisha wastani tu, na wanunuzi wa kadi mbili wakaambiwa macho yao yanawadanganya.

Jumapili baada ya misa nilikuwa Muleba. Kaka alitandika mkeka barazani, mama wa nyumba akatuletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, na kijana akaketi kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje. Nilitoa karatasi zangu nikasoma.

Kwenye nukta milioni mbili kaka aliniomba nirudie. Kwenye Voodoo2 alitabasamu. Kwenye pindu aliacha kutafuna. Kisha nikamwambia: "Kaka, chukua shairi la beti saba. Mshororo wa kwanza una mizani 8, wa pili 24, wa tatu 8, wa nne 24, hivyo hivyo hadi mwisho. Mhariri wa gazeti akijumlisha na kugawa atapata 16 kamili. Utaliitaje?"

"Guni," akasema papo hapo, kwa dharau aliyokuwa nayo alipokuwa kijana. "Tena guni la kutupa. Nani kamwambia huyo mhariri kwamba mizani hugawanywa?"

Kijana akadakia kutoka kizingitini. Akasema, kwa haki kabisa, kwamba mchezo mmoja kati ya mitatu ulikwenda vizuri ajabu, na kwamba kadi mbili zenye gigabaiti 4 kila moja zingempa 8 za kumbukumbu, wakati kadi moja mpya yenye 8 ilikuwa ghali kuliko uwezo wao. Juu ya kumbukumbu nilikuwa nimejiandaa. Zile 4 na 4 hazijumlishwi. Kila kadi inalazimika kuweka nakala yake ya mambo yaleyale, kwa kuwa kila moja inachora dunia ileile. Nakala mbili za diwani moja si diwani mbili. Juu ya bei alikuwa na haki, na nilisema hivyo. Mwanzoni mwa mwaka ule kadi zilikuwa zimepanda bei duniani kote kwa sababu ya wachimbaji wa sarafu za kidijitali waliozinunua kwa makumi, na kadi moja iliyokuwa badala nzuri, GTX 1070, ilikuwa mbali na mikono yetu.

Kaka aliuliza swali moja tu. "Ile ya pili, siku inayokaa bila kazi, nimeilipa au sijailipa?"

"Umeilipa."

"Na umeme?"

Ikija kufanya kazi, nikamwambia, inakula wati zake 145 kama mwenzake. Tuseme banda linafunguliwa saa 10 kwa siku na kadi zinafanya kazi kwa nguvu zote: ni uniti 1.45 kwa siku, 43.5 kwa mwezi, kwa kadi moja. Kwa mbili ni 87. Nyumba ya kaka ilikuwa katika daraja la watumiaji wadogo, wale wenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, ambacho ukikivuka bei ya uniti zinazozidi hupaa. Kadi mbili peke yake zingekivuka kabla mtu hajawasha taa. Kaka akaitazama mita iliyo ukutani. Luku, kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, naliona ni mojawapo ya majina bora kupata kutungwa serikalini, lakini siku ile halikumchekesha mtu. Na umeme wenyewe, ambao Kagera tulikuwa tukiletewa kutoka Uganda, ulikuwa na tabia ya kushuka jioni, saa ileile wateja wanapojaa.

Mnunuzi wa kahawa alikataliwa Jumatatu. Kijana aliambiwa angoje mavuno.

Ningeweza kuishia hapa na kujisifu kwamba Kiswahili kimeokoa kibanja. Lakini jioni ile kijana alinisindikiza hadi kituoni, kimya, na gari lilipokuwa likijaza abiria akasema: "Baba mdogo, umenishtaki kwa baba kwa mashairi."

Nilimwambia sikumshtaki, nilieleza.

"Umeeleza kwa lugha yenu wawili," akasema. "Mimi sijui guni. Ungenieleza mimi kwanza."

Njia nzima hadi Bukoba sikuwa na jibu, na sikulipata hata baadaye. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kumfunika baba yake kwa maneno ya Kiingereza yasiyohojika, kisha nami nikaenda nikamfunika yeye kwa ukwapi na utao. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Lakini palikuwa na watu watatu barazani pale, na nilichagua lugha ya wawili. Ijumaa ile kwa fundi tulikuwa peke yetu, mbele ya kioo kilichokuwa kikitikisika, naye aliona nilichokiona. Ningemwonyesha pale, kwa hesabu ya 8 na 25, bila shairi lolote, angefika kwa baba yake akiwa upande wa ukweli badala ya kuwa upande wa kadi. Nilijinyamazia kwa sababu nilikuwa nimefurahia mno mfano wangu na nilitaka kuutoa mbele ya mtu atakayeuthamini. Hayo ni madhambi ya washairi. Sidhani niko peke yangu humu.

Kwa miezi kadhaa alinitumia salamu za ujumbe mfupi tu, za adabu, zisizo na habari.

Kahawa ilianza kuiva Mei. Ilikaushwa, ikapelekwa chama cha msingi, malipo yakachelewa kama kawaida, lakini yalikuja kamili na ya kwao. Binti alikwenda shule Julai na sanduku jipya la bati. Na kwa bahati ambayo sikuitabiri wala siwezi kuidai, hamu ya kuchimba sarafu ilianguka mwaka ule, bei za kadi zikateremka, na Desemba kijana akauza 970 yake, baba yake akamwongezea kiasi, akanunua GTX 1070 moja iliyotumika. Ina gigabaiti 8 na hutumia wati 150, yaani tano tu zaidi ya ile moja ya zamani. Hakuhitaji kubadilisha ugavi wa umeme. Kama angeinunua 970 ya pili Februari, mwisho wa mwaka angekuwa na kadi mbili ambazo hakuna aliyezitaka kwa bei aliyonunulia.

Kadi mbili kwa ajili ya michezo zimekwisha kufa, kwa sehemu kubwa. Katika kizazi cha RTX 30 NVIDIA waliacha kiungo kwenye kadi za juu kabisa tu, kama 3090, zilizo ghali mno, na kuanzia Januari 2021 wakaacha kuandika maelekezo mapya ya SLI kwa kadi zao za zamani. Kazi ya kuzipatanisha waliiacha kwa watunzi wa michezo wenyewe, ambao wengi hawakuitaka. Kadi nyingi kwa pamoja bado zinatumika, tena kwa maelfu, katika kompyuta zinazofunza akili bandia, kwa kuwa kule hakuna jicho linalongoja picha ifike kwa wakati wake.

Nilikwenda tena Muleba Pasaka ya 2019. Banda lilikuwa limeongezwa benchi la tatu, na kompyuta imewekwa mahali pa heshima, chini ya picha ya Bikira Maria ambayo mama yake aliitundika kuilinda. Kijana alinikaribisha kwa mikono miwili, akaniketisha, akaniletea soda. Tulikuwa tukizungumza habari za shule ya dada yake ndipo umeme ulipozama kidogo, taa ikafifia kisha ikarudi, na mvulana wa miaka kama kumi na mitatu aliyekuwa kwenye kompyuta akapiga kelele bila kugeuka: "Kaka, leo inachechemea!"

Nikauliza wanaitumiaje. Kijana akaeleza kwamba picha ikikwama kabisa wanasema imeganda. Ikipungua kasi yote, inakokota. Lakini ikienda huku hatua moja fupi na moja ndefu, wewe unaona namba ni nzuri na bado mguu hauko sawa, hiyo inachechemea. Watoto ndio walioanza, hajui nani.

Mimi nilikuwa nimeandika "kigugumizi cha picha", na nilikuwa nimekiandalia makala. Nikatoa kijitabu changu mfukoni.

"Andika," akaniambia akicheka, "ila hilo si lako, baba mdogo."